Themi: Nyumba Imepanda Bei, Mwenye Nyumba Je?

Mto Themi huteremka kutoka kwenye miteremko ya Mlima Meru, ukapita katikati ya mji wa Arusha, kisha ukaelekea kusini hadi kuungana na Kikuletwa, na maji yake mwishowe huingia katika Mto Pangani. Si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mtu mzima anaweza kuuvuka bila kulowesha magoti. Hata hivyo, mto huo ndio ulioipa jina lake kata ya Themi, iliyoko upande wa kusini mashariki wa kitovu cha mji. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa Arusha wamenunua viwanja huko, wamejenga na kulea watoto wao.

Mgeni anayetoka mjini akishika barabara ya Njiro huziona sura mbili za eneo hilo. Kwanza hukutana na viwanda, maghala, karakana na malori yaliyoegeshwa kando ya njia. Huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha matairi cha General Tyre, ambacho kwa miaka mingi matairi yake yalivaliwa na magari ya nchi nzima, hadi uzalishaji wake uliposimama mnamo miaka ya 2000. Baada ya viwanda huja nyumba. Zipo nyumba za zamani za vyumba vitatu au vinne, zenye paa la bati lililofifia rangi, mti wa mwembe au mparachichi uani, na ua wa michongoma. Ukutani kwa ukuta na hizo zimesimama nyumba za ghorofa zenye mageti ya chuma na vigae vya rangi. Mbele zaidi viko viwanja vya Nane Nane, ambako kila mwaka mwezi wa Agosti wakulima na wafugaji wa Kanda ya Kaskazini huonyesha mazao na mifugo yao.

Mtu akisimama mahali palipoinuka asubuhi ya mbingu safi, huuona Meru wote, zaidi ya meta 4,500 kutoka usawa wa bahari, umeukalia mji kama mzee aliyekaa kitini. Hewa ni nzuri, udongo una rutuba, na mjini ni karibu. Hapana shaka kwamba mambo hayo matatu ndiyo yaliyoifanya ardhi ya upande huu itafutwe na watu wengi. Shughuli kubwa za mji nazo ziliongeza uzito wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliweka makao yake makuu Arusha mwaka 1967. Ilipovunjika mwaka 1977, majengo yake yakawa kituo cha mikutano ya kimataifa. Baadaye ilikuja Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi Arusha hadi mwaka 2015, na Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki iliyozaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Utalii ulikuwa unakua wakati wote huo. Wageni wenye mishahara mikubwa walihitaji pa kulala, na nyumba za Njiro na Themi zikapanda bei.

Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kulizungumza leo. Nyumba ikipanda bei, mwenye nyumba hapandi pamoja nayo. Mfanyakazi aliyejenga kwa mshahara wa kiwandani na baadaye akastaafu, anakaa katika nyumba ileile, anakunywa chai kwenye baraza ileile, na kipato chake ni kile cha pensheni, ama hana kabisa. Dalali akipita humwambia kwamba ana mali ya mamilioni. Lakini mamilioni hayo yamo katika matofali, na matofali hayanunui unga. Siku serikali inapomdai kodi ya jengo, huitoa katika fedha ya unga.

Kodi juu ya nyumba si jambo geni katika nchi hii. Wajerumani waliiweka mwaka 1898, rupia tatu kwa kila nyumba kwa mwaka, na lengo lao halikuwa fedha peke yake: asiyekuwa na rupia alilazimika kwenda kuzitafuta katika mashamba ya walowezi. Mwaka 1900 walijenga boma lao Arusha kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliokuwa wameshindwa vitani. Boma hilo lipo hadi leo na ni jumba la makumbusho. Waingereza walipoingia waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Kwa hiyo babu aliyezaliwa kwenye miteremko ya Meru enzi hizo aliijua kodi ya nyumba kabla ya kuijua barabara, zahanati au shule. Ndiyo maana mpaka leo wazee wakisikia neno hilo huuliza kwanza: fedha hiyo inakwenda wapi?

Baada ya Uhuru swali la nyumba lilichukua sura nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwezi Aprili 1971 ikatungwa sheria iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mengi ya majengo ya katikati ya mji wa Arusha yalipita katika mikono hiyo, hadi mwaka 1990 kazi za Msajili zilipounganishwa na zile za Shirika la Nyumba la Taifa. Katika miaka hiyohiyo halmashauri za miji zilifutwa. Mifereji ikaziba, taka zikarundikana, na mwaka 1978 serikali ikaona ni lazima kuzirudisha halmashauri za mijini. Mji unahitaji mwenyewe, na mwenyewe huyo anahitaji fedha. Ndipo ilipotungwa sheria ya mwaka 1983 iliyozipa mamlaka za miji uwezo wa kuyathamini majengo na kuyatoza kodi.

Chini ya sheria hiyo utaratibu ulikuwa wa uthamini. Mthamini hufika, huangalia ukubwa wa jengo, vifaa vilivyotumika, umri wake na mahali lilipo, kisha huandika thamani katika daftari. Halmashauri hutangaza asilimia, na kodi huwa ni sehemu ya thamani ile. Mwenye nyumba asiyeridhika alikuwa na haki ya kupinga thamani aliyopewa. Kwenye karatasi utaratibu huo ni wa haki, kwa sababu mwenye jumba hulipa zaidi ya mwenye kibanda. Katika utendaji ulikuwa mzito. Wathamini walikuwa wachache, nyumba zilizidi kuota kila mwaka, na madaftari yalizeeka. Nyumba nyingi hazikuthaminiwa kabisa, zikatozwa kiwango cha jumla. Arusha, iliyozinduliwa rasmi kuwa jiji mwaka 2012, ilikuwa miongoni mwa miji iliyojaribu kutibu kasoro hiyo kwa kuandikisha majengo kwa msaada wa ramani za kompyuta na picha za setilaiti. Nyumba zilizokuwa zimejificha nyuma ya migomba zikaonekana.

Mwaka 2016 kazi ya kukusanya kodi ya majengo katika majiji na miji mikubwa ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Mwaka uliofuata wananchi walijipanga foleni ndefu katika ofisi za mamlaka hiyo, kila mmoja akiwa na karatasi yake mkononi. Hatimaye kuanzia mwaka wa fedha wa 2018/19 serikali iliweka uthamini kando na kutangaza viwango vya pamoja: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 50,000 kwa kila ghorofa mijini. Mwezi Agosti 2021 yakaja mageuzi makubwa zaidi. Kodi ikaanza kukatwa katika umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. Kuanzia Julai 2023 viwango hivyo vilipanda kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500.

Ndugu msomaji, tufanye hesabu hiyo kwa pamoja, kwani fedha inayotoka kidogo kidogo ni rahisi kusahauliwa. Shilingi 1,500 kwa mwezi ni 18,000 kwa mwaka. Aliyelipa 10,000 mwaka 2018 amepandishiwa 8,000, yaani asilimia 80 katika miaka mitano. Mwenye jengo la ghorofa tatu alikuwa akilipa 150,000. Kwa kiwango cha mwaka 2023 ni 270,000. Na mwezi ambao hukununua umeme deni halifutiki. Familia iliyofunga nyumba ikaenda kijijini kwa miezi sita, siku ikirudi na kununua umeme wa shilingi 10,000, itakuta 9,000 zimekwenda kwenye kodi na mwanga uliobaki hautoshi kuivusha wiki. Mama wa nyumba asiyejua hesabu hii hudhani mita imeharibika.

Utaratibu wa LUKU una sifa zake, nasi tuziseme. Umeondoa foleni. Umemwondoa mtu wa kati aliyekuwa akipita mlangoni na kitabu cha stakabadhi ambacho hakuna aliyejua kilichapishwa wapi. Umegawa mzigo wa mwaka katika miezi 12, na haba na haba hujaza kibaba. Lakini mita ya umeme haimjui mwenye nyumba. Mita humjua anunuaye umeme. Sheria inamtoza kodi mwenye jengo, ilhali mkono unaotoa fedha mara nyingi ni wa mpangaji.

Chukua mfano wa nyumba ya kawaida ya Themi yenye vyumba vya uani. Mbele anakaa mwenye nyumba, uani wanakaa dereva, mshonaji wa nguo na mwalimu kijana aliyehamishiwa Arusha karibuni. Ikiwa mita ni moja na wote huchangia, basi kila mmoja amelipa kodi ya jengo lisilo lake. Ikiwa kila chumba kina mita yake, nyumba moja yaweza kukatwa mara tatu au nne, hadi taarifa za mita hizo zirekebishwe. Mita tatu ni shilingi 4,500 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 54,000, badala ya 18,000. Utaratibu huo ulipoanza mwaka 2021, serikali ilieleza kwamba mpangaji na mwenye nyumba waelewane, na kilichokatwa kwa mpangaji kihesabiwe katika pango. Maneno hayo ni mepesi kwa mtu mwenye mkataba ulioandikwa. Mpangaji aliyelipa pango la miezi sita kwa mkupuo, na anayeogopa kuambiwa atafute chumba kingine, hawezi kubisha mlango wa mwenye nyumba kudai shilingi 1,500. Hunyamaza, na kodi ya mwenye mali inakuwa kodi ya asiye na mali.

Tusidhani hata hivyo kwamba kila mwenye nyumba ni tajiri. Sheria yenyewe inatambua hivyo, nayo imeweka msamaha. Mzee mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, husamehewa kodi ya nyumba moja anayoishi. Nyumba za udongo na za kuezekwa kwa nyasi au makuti nazo haziguswi, wala majengo ya ibada. Lakini msamaha wa mzee haujileti wenyewe. Mita ikishaunganishwa hukata bila kuuliza umri. Mzee hana budi kwenda ofisini na kitambulisho kinachoonyesha umri wake na karatasi zinazothibitisha kuwa nyumba ni yake. Hapo huanza taabu: nyumba ni ya marehemu mume, mirathi haijafunguliwa, hati ina jina la mtu aliyezikwa miaka kumi iliyopita, na watoto wako Dar es Salaam na Mwanza. Kadhalika, mjane anayepangisha chumba kimoja ili apate fedha ya dawa ni vyema aulize mapema, maana msamaha ni wa nyumba ya kuishi, si ya biashara. Kwa familia nyingi za Themi mzigo mkubwa zaidi ya zile shilingi 1,500 ni karatasi ambazo hazikuandaliwa mzee alipokuwa hai.

Kodi hii isichanganywe na pango la ardhi. Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mwananchi humiliki haki ya kuitumia kwa muda wa miaka iliyoandikwa katika hati, ambayo haizidi 99. Kwa haki hiyo hulipa pango kila mwaka, kufuatana na ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Pango haliji kwa LUKU. Kwa hiyo anayesema, “Mimi nimeshakatwa kwenye umeme,” huenda amelipa kodi ya jengo huku deni la kiwanja likilimbikizwa mwaka baada ya mwaka. Deni hilo likikua laweza kumfikisha mtu mahakamani, na hata kuihatarisha hati yenyewe.

Lipo swali la haki ambalo hatuna budi kulitazama usoni. Kwa viwango vya pamoja, nyumba ya kawaida ya vyumba viwili inakatwa sawa na nyumba ya kawaida ya vyumba saba yenye bustani, karakana na mabomba ya dhahabu, ilimradi zote hazina ghorofa. Mstaafu wa Themi ananufaika, kwa sababu kupanda kwa bei ya mtaa wake hakumwongezei kodi ya jengo hata senti moja. Lakini jirani yake tajiri ananufaika zaidi. Wenzetu wa Nairobi walichagua njia nyingine: wao hutoza thamani ya ardhi. Kwa muda mrefu walitumia daftari la thamani la mwaka 1982, hadi kodi ikafikia asilimia 34 ya thamani hiyo ya kale. Daftari jipya lilipoanza kutumika mwaka 2023, asilimia ilishushwa hadi 0.115, lakini kwa kuwa thamani za viwanja zilikuwa zimepanda mno, wako waliojikuta wakidaiwa fedha nyingi kuliko zamani. Somo lake ni wazi. Uthamini usipofanywa kwa wakati, siku unapofanywa huwaangukia watu kama mvua ya mawe. Na kiwango cha pamoja kikiachwa bila kupimwa, humpendelea mwenye nguvu. Ikiwa Tanzania itarudi siku moja kwenye uthamini, itafaa mstaafu na mjane wakumbukwe kabla mthamini hajafungua daftari lake.

Mpaka hapo familia ifanye nini? La kwanza, ijue mita zake. Kama ziko zaidi ya moja kwa jengo moja, mwenye nyumba apeleke habari zirekebishwe, asingoje hasara. La pili, mwenye nyumba na wapangaji wakae waandike. Karatasi moja ya daftari la shule yatosha: fulani amekatwa kiasi gani, mwezi upi, na kitatolewa katika pango lini. Mali bila daftari hupotea bila habari. La tatu, watoto waliokua wawasindikize wazazi wao kwenda kuomba msamaha wao, na mirathi ifunguliwe mapema, kabla ndugu hawajaanza kutazamana kwa jicho baya. La nne, pango la ardhi lilipwe kwa wakati wake na stakabadhi itunzwe pamoja na hati.

La mwisho linawahusu wote, wenye nyumba na wapangaji. Barabara za ndani za mtaa huchimbika mvua za masika zinaposhuka kutoka mlimani. Mfereji ukiziba, maji huingia nyumbani bila kuchagua mwenye hati na asiye nayo. Wananchi wana haki ya kusimama katika mkutano wa mtaa na kumwuliza mwenyekiti na diwani: katika kodi iliyokatwa kwenye mita zetu, ni kiasi gani kimerudi Arusha, na kimefanya kazi gani? Kuuliza hivyo si ukaidi. Babu zetu waliilipa rupia tatu bila ruhusa ya kuuliza. Anayelipa leo anayo ruhusa hiyo, na mkutano wa mtaa huitishwa kwa ajili yake. Aende, akiwa na zile karatasi zake za LUKU mkononi.